Ng'amba wa Jumapili

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa tisa. Muda wote nimekaa maabara naulinda mlango wa friza kama askari, mtu asije akaufungua kwa mazoea. Ndani mna vichujio vya maji ya bahari vya miezi minne, na kila kichujio kimebeba vijidudu na vijimea ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vikiyeyuka, miezi minne imekwenda bure!

Ngozi za kasa hazina shida, ziko kwenye spiriti. Thelathini na nane mpaka leo. Kipande kidogo kuliko ukucha, kutoka kwenye pezi la nyuma. Wenzetu wa chuo kikuu cha ng'ambo watazisoma jeni zake watuambie kila kasa ana asili ya ufukwe gani. Dokta Projestus, bosi wangu, ananielezaga kila mara kana kwamba nasahau: jeni zile wanazosoma hazitoki kwa baba hata chembe. Zinatoka kwa mama, na kwa mama yake mama, mpaka huko nyuma kabisa. Mie hiyo habari naipenda. Sijawahi kumwambia.

Mdogo wangu Zuena kaleta salamu kupitia kwa Mwinjuma, muuza samaki. Niende Jumapili, mwanawe Lulu sasa anacheka kwa sauti. Miezi mitano!

Jumapili, 6 Oktoba

Nimetoka kwa Zuena sasa hivi. Miguu bado ina mchanga wa Mbezi Beach, na hapa Kinondoni maji hakuna.

Lulu anacheka kweli. Ukimpulizia shingoni anacheka mpaka kwikwi inampata. Zuena kanenepa, kapendeza. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, mie kumi na nane. Nilimsuka, nilimpeleka shule, nilisimamia harusi yake. Leo ananikaripia eti nimekonda, kwani unakula nini huko kwenye machupa yenu!

Saa sita hivi shemeji Khalfani kaingia uani na wenzake wamebeba ng'amba, kasa yule mwenye mdomo kama wa kasuku. Mkubwa! Alinasa kwenye jarife, wavu ule mkubwa wa papa, akakosa pumzi, wakamkuta keshakufa. Khalfani kanicheka, "Shemeji, huyu kajifia mwenyewe, usije ukatuandika." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nilipima gamba, sentimita sabini na nne. Nikakata ngozi — namba 39. Nikakata na kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, namba 40. Nikaomba tumbo lake, wakanitilia kwenye ndoo. Kisha wakaanza kugawana.

Hapa niandike sawasawa. Mwezi wa tano Dokta alitueleza kwenye kikao kwamba mara chache, mara chache sana, nyama ya ng'amba huwa na sumu. Inaua. Na kwa macho huwezi kujua yupi anayo na yupi hana. Nilikumbuka. Nilisimama na ile ndoo mkononi, kisu kinapita, na nikakumbuka neno kwa neno. Nikafungua mdomo.

Nikaufunga. Mwaka jana, uani pale pale, niliwaambia wasiwale kasa kwa kuwa wanakwisha baharini. Bi Wafa, mama yake Khalfani, akasema mbele ya watu: huyu dada yako, Zuena, anamwonea kasa huruma kuliko wajukuu zangu. Zuena alilia siku ile. Akaniomba, dada, ukija kwangu njoo kama dada, usije kama serikali.

Basi leo nimekuja kama dada. Si wanakula ng'amba tangu wazee wao? Sahani ilipofika kwangu nikasema tumbo linanisumbua. Nikala wali na kachumbari.

Zuena alikula kidogo. Vipande vinne. Nilivihesabu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepasua lile tumbo. Sponji tupu — wale viumbe laini wanaoota kwenye miamba. Chini ya hadubini, juu ya vipande vya sponji, kuna nyuzinyuzi za rangi ya kijani-bluu, nyembamba kuliko unywele. Zinajinyonganyonga. Nimezichora.

Dokta kainamia hadubini muda mrefu. Akasema kama anajisemea: ng'amba hatengenezi sumu. Vitu kama hivi ndivyo vinavyotengeneza, pengine hivi, pengine bakteria wadogo zaidi ya hivi. Sponji anachuja maji, anawakusanya. Ng'amba anamla sponji, anakusanya. Yeye mwenyewe hadhuriki.

Akainua kichwa. "Nyama yake waliifanyaje?"

Nikasema waliizika.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua.

Jumanne, 8 Oktoba

Saa mbili asubuhi Mwinjuma kaja mpaka getini kazini, baiskeli kaitupa chini. Sista Naima, kwa kina Khalfani watu wanatapika, wanasema kipindupindu!

Sikumuaga mtu. Nimekwenda mbio kwa miguu, maabara si mbali na kwao, mpaka zahanati.

Watu ishirini na tatu. Vitanda viko sita, wengine kwenye mikeka mpaka barazani. Si kipindupindu. Hawaharishi kwa namna ile. Midomo inawaka moto, ndimi zimetoka madoa meupe, koo haliwezi kupitisha mate. Mzee Mwishehe, yule fundi wa nyavu, amelala tu. Ukimwita anafumbua macho, anafumba. Khalfani yupo, anatapika. Bi Wafa yupo. Zuena kasimama na miguu yake, anawapangusa wengine! Yeye tumbo linamkata kidogo, ulimi unamchoma kama aliyekula nanasi bichi. Lulu mgongoni, mzima, ananichekea.

Nimemwambia tabibu, Albano, ni yule ng'amba. Alikuwa keshahisi. Nikamwambia jambo la pili: mama anayenyonyesha aache, sumu inapita kwenye maziwa. Dokta aliligusa siku ile ya kikao kwa sentensi moja tu — mama anaweza kupona, mtoto asipone.

Albano hakunibishia kwa ubaya. Kanionyesha ukutani. Bango la wizara, mama na mtoto, ziwa la mama ndilo chakula bora. Akasema, "Sista, hiki ndicho ninachowafundisha kila Alhamisi. Na maji ya huku unayajua. Nikiwaambia wawape watoto kopo, keshokutwa nina watoto kumi wanaharisha. Una karatasi yoyote?"

Sina karatasi. Nina sentensi moja ya kusikia.

Nikamfuata Zuena. Nikamwambia, mpumzishe kidogo ziwa. Hivyo ndivyo nilivyosema! Mpumzishe. Kidogo. Kama ninamwambia mtu apunguze chumvi. Bi Wafa, pamoja na kutapika kote kule, akainua kichwa mkekani, "Ampumzishe, mtoto ale nini?" Zuena akaniangalia mie, akamwangalia mama mkwe. Lulu akaanza kulia. Zuena akamgeuza mbele, akafungua blauzi.

Nikatoka kwenda kutafuta karatasi. Maktaba yetu imefungwa, mwenye ufunguo kaenda Gongo la Mboto kwenye msiba. Mpaka kesho.

Jumatano, 9 Oktoba

Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni maktaba. Nimeipata. Jarida la zamani, ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza. Kijiji kimoja huko Pasifiki. Wameandika majedwali. Safu ya mwisho inasema "wanaonyonya". Sikumaliza kuisoma.

Nimepita dukani kwa Haroub nikachukua maziwa ya kopo, yale ya Dubai. Kaniuliza mgonjwa nani. Nilitoka na kopo mkononi, naye hakudai jibu wala hela.

Albano kausoma ule ukurasa mara mbili, kasimama. Kisha mwenyewe kazunguka kwa akina mama. Walikuwa wanne wanaonyonyesha. Watatu walikubali palepale; wa nne ni Zuena. Bi Wafa leo hana sauti ya kubisha, koo limevimba.

Zuena kanikabidhi Lulu. Kasema taratibu, lakini dada, nimemnyonyesha jana yote, na asubuhi hii pia. Alikuwa analia.

Nikamwambia haidhuru, sasa tumeanza.

Matiti yalimjaa, yakawa magumu kama jiwe. Nikamsaidia kukamua kwenye kikombe. Ya kwanza nilimwaga. Ya pili — mkono ulifanya wenyewe. Nilikuwa na chupa mfukoni mwa koti. Nikatia kidogo, nikafunga, nikaandika 41. Zuena kaona. Akafunga blauzi.

Lulu hataki kijiko. Anatema. Analia mpaka sauti inakauka, anageuza uso anatafuta kifua cha mama yake, na mama yake kakaa hatua mbili pale, kajikunja, kaziba masikio kwa kanga. Mie nimembeba huku na huku barazani.

Saa tisa kanyamaza. Kalala. Nilishukuru Mungu! Nikamwambia Zuena, unaona, kazoea.

Saa kumi nikajaribu kumwamsha anywe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Lulu amefariki. Saa tano na robo asubuhi. Tulikuwa kwenye pikapu ya hoteli ya jirani, gari tulilopata asubuhi, njiani kwenda hospitali. Zuena kampakata. Alipumua, halafu hakupumua. Zuena akaendelea kumpepea na ncha ya kanga mpaka tulipofika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume wamekwenda naye, sie wanawake tumebaki uani. Khalfani alisimama kwa kushikiliwa. Kijeneza kile kilibebwa na mtu mmoja tu kwenye mikono, kama anayebeba sinia.

Mzee Mwishehe naye tumemzika leo. Wengine wanaendelea vizuri. Watoto wale wengine watatu wazima wote.

Saa tisa Zuena kaniita chumbani. Kanga imelowa mbele, maziwa yanatoka yenyewe, hayajui. Kaniambia nifunge mlango.

"Dada. Ni maziwa yangu?"

Nikasema hapana.

"Ulisema niache."

Nikasema nilisema kwa tahadhari tu. Ni homa, Zuena, ni homa ya watoto, imekutana na haya mengine. Nikasema na jina la homa. Nililitunga.

Kaniangalia. Kisha kalaza kichwa mapajani mwangu kama zamani. Nimemsuka nywele.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi kazini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta nikamwambia hawakuizika ile nyama.

Akasema anajua. Mji mzima unajua. Akauliza, "Naima, wewe ulikuwepo wakati wanakata?"

"Nilikuwepo."

Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kairudisha. Hakunikemea. Bora angenikemea! Akasema niandike ripoti, tarehe na saa, nani alikula kiasi gani, nani aliugua lini. Nimeandika kurasa sita. Safu ya umri: miezi mitano. Safu ya kiasi alichokula: nimeweka mstari. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba fundi wa maabara aliona aibu.

Mtafiti mmoja mgeni anarudi kwao Ijumaa. Atabeba ngozi, nyama, zile nyuzi za kijani, na namba 41, kwenye chupa ya barafu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikwenda kumtazama Zuena. Anapika, anafua, anajibu anapoulizwa. Khalfani kapona lakini haendi baharini. Anakaa na nyavu mapajani, hazifumi.

Bi Wafa ananyanyuka sasa. Nilimwamkia, shikamoo mama. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Wewe hukula."

Nikasema tumbo lilikuwa linanisumbua.

"Tumbo."

Akaendelea kuchambua. Nilisubiri aseme zaidi. Nilitaka aseme! Angenipigia kelele, watu wangejaa, ningekiri, yakaisha. Hakusema. Aliosha mchele akaubandika. Machozi yakimtoka, lakini bila sauti, kama mtu anayekata vitunguu. Lulu alipewa jina la mama mzazi wa Bi Wafa. Hilo nilikuwa sijui mpaka leo, kaniambia Khalfani.

Sijui kama Bi Wafa kamwambia Zuena kwamba sikula.

Jumatano, 6 Novemba

Faksi imekuja. Kurasa tatu, ya mwisho imefifia.

Namba 39, ngozi. Wameisoma. Ukoo wake wa upande wa mama hawajauona kwenye orodha yao yote. Huenda kuna ufukwe wa kutagia ambao hakuna mtafiti anayeujua. Wamefurahi sana. Wameweka alama ya mshangao, Wazungu wale ambao hawawekagi.

Nyuzi za kijani: zilikufa njiani. Hawawezi kusema ndizo au sizo. Huenda ni bakteria walio ndani ya sponji. Bado hawajui.

Namba 40, nyama. Panya wa maabara walikufa wote.

Namba 41. Walikuwa na maziwa ya kutosha panya wanne tu. Wamekufa watatu.

Wanasema sampuli ya 41 ni ya kipekee, hawajui kama imewahi kupatikana mahali popote, wanatupongeza kwa kuwahi kuichukua. Wanauliza kama tunaweza kupata nyingine.

Dokta kanikabidhi karatasi, katoka nje. Nimeisoma mpaka herufi zikaacha kuwa maneno. Miaka kumi nimefanya kazi hii, na hii ndiyo pongezi yangu ya kwanza kutoka ng'ambo.

Jumapili, 17 Novemba

Mwinjuma kaja mpaka Kinondoni kuniambia. Ng'amba mwingine kavuliwa, wanauza nyama ufukweni.

Nimekwenda. Wamepanga foleni! Watu walewale, wengine ndimi zao bado zina makovu. Nimesimama mbele ya meza nikasema msinunue. Leo nilisema kwa sauti. Muuzaji hakunitukana. Kasema, sista, yule wa mwezi uliopita alikuwa mzoga, alifia kwenye wavu. Huyu kachinjwa mzima mzima. Watu wakaitikia. Kwao imeeleweka kabisa. Mie nikasema sumu haijali kufa wala kuchinjwa, inatoka kwenye vitu visivyoonekana. Mama mmoja kaniuliza kwa upole, sasa mwanangu, kama havionekani wewe umeviona wapi? Mtoto yuko ziwani ananiuliza pamoja naye, macho manne yananitazama.

Nyama iliisha saa nne na nusu.

Nikaenda kwa Albano. Kakaa kwenye ngazi za zahanati, mikono kichwani. Kasema Alhamisi ni kliniki, akina mama arobaini wanakuja kupima watoto uzito. Nije niseme nao. "Mie wameshanizoea. Wewe watakusikiliza. Wewe umefiwa."

Nikamwambia aliyefiwa ni mdogo wangu.

Jumanne, 19 Novemba

Hakuna aliyeugua! Hata mmoja. Yule ng'amba alikuwa msafi. Nimefurahi, na nimeona aibu kwamba furaha ile ilikuwa na doa. Kwa sababu sasa wananicheka. Mwinjuma kasema vijana wa ufukweni wamenipa jina, Dokta Sumu.

Dokta Projestus anasema hivyo ndivyo ilivyo. Tisa wazima, wa kumi anaua, na wote wana sura moja. Ukiwaambia watu kila mara kuna hatari na kila mara wasidhurike, mara ya kumi watakuwa wamechoka kukusikia.

Nikamwuliza, niwaambie nini Alhamisi?

Kasema waambie ulichonacho. Una ushahidi ambao hakuna mwingine anao.

Ninao. Nina panya wanne. Nikisema panya, watasema dada, sie si panya. Kuna jambo moja tu litakalowaingia akina mama wale, na wote walikuwepo matangani, wote walimwona Lulu kwenye mkeka. Niwaambie: aliyekula ni mama, aliyekufa ni mtoto, na kilichopita kati yao ni maziwa.

Na Zuena anakaa nyumba ya saba kutoka zahanati. Habari itafika kwake kabla mie sijashuka ngazi.

Lazima nimwambie mwenyewe kwanza. Kesho.

Jumatano, 20 Novemba

Nimetoka kazini mapema. Nimemkuta anafua mashuka. Nikakunja mikono ya gauni, nikakamua naye. Yeye ncha hii, mie ncha ile.

Nikasema, Zuena, nina neno.

Akasema, sema.

Nikasema kesho ninaongea na akina mama kliniki, juu ya ng'amba.

Akasema, nimesikia.

Shuka likaisha, tukaanika. Kaniuliza kama kazini wamenilipa likizo yangu ya mwaka jana. Nikajibu. Kaniambia Khalfani ameanza kwenda baharini, lakini jarife kaliuza, sasa anavua kwa mshipi. Nikasema vizuri. Kaniwekea chai. Nimekunywa vikombe viwili. Bi Wafa alipita, akatutazama sote wawili, akaingia ndani akafunga mlango taratibu, kama anayetuachia nafasi.

Nafasi yote ile! Saa nzima na nusu. Nilimwangalia mikono, imekonda, pete inazunguka. Nikafikiri: kalala wiki sita kwenye ile homa niliyoitunga. Nikimnyang'anya hiyo, atalala juu ya nini?

Nimeaga. Kanisindikiza mpaka barabarani. Kasema tu, "Dada, vaa lile gauni la bluu kesho, usiende na koti la kazini."

Sikumwambia.

Alhamisi, 21 Novemba

Naandika nikiwa hapa zahanati, kwenye benchi la nje. Albano anamalizia mizani. Watoto wanalia kila mmoja akitiwa kwenye kile kikapu cha kupimia. Akina mama ni zaidi ya arobaini. Wengine walikuwa kwenye foleni ya nyama Jumapili. Wananong'ona, wanacheka, mmoja kasema Dokta Sumu huyo na mwenzake kamfinya.

Nimevaa gauni la bluu. Faksi ninayo kwenye pochi. Nilikuwa nimeamua njiani kusema panya tu. Panya, na kile kijiji cha Pasifiki. Wataamini wasiamini, nitakuwa nimesema.

Zuena kaja.

Kaingia getini peke yake, mikono mitupu, kajifunga kanga mbili. Wanawake wakageuka wote kwa pamoja. Kaja moja kwa moja kwangu hapa kwenye benchi. Nikasimama. Nikasema rudi nyumbani, Zuena, hapa si mahali pako leo.

Kasema, "Mie nilijua tangu siku ile, dada. Nilihisi mwenyewe alivyokuwa analegea ziwani. Wewe umejitesa bure na hiyo homa yako."

Kanirekebisha mtandio begani, kama mie nilivyokuwaga namrekebisha sare ya shule.

Kasema, "Waambie. Sema yote. Usipunguze kitu kwa ajili yangu."

Kisha kaenda kukaa mbele, kwenye mkeka, katikati yao. Mama mmoja kamsogezea nafasi. Mwingine, mwenye mapacha, kampa mmoja amshikie, na Zuena kampokea. Kamweka begani. Anampigapiga mgongoni bila kumtazama. Ananitazama mie.

Yote. Yeye anadhani yote ni maziwa, hajui kwamba nilijua kabla hajala.

Bi Wafa naye kafika. Hakuingia. Kasimama pale getini na mkongojo wake, kivulini. Sasa nimejua hakumwambia Zuena. Wiki sita kalishika peke yake. Kaniachia mie.

Wapo wote. Hadithi inaanzia mahali pamoja tu, uani, Jumapili, mie na ndoo mkononi. Nikianzia pengine popote, nitakuwa nimepunguza.

Mizani imekwisha. Albano anafuta mikono, anawaomba wakae kimya. Ananionyesha kwa kidole nisogee. Anasema, akina mama, huyu ni sista Naima, ana maneno machache —